Kuzunguka visiwa vya Mafia ukitokea Dar kwa hela ya kawaida kabisa

Ukimtajia mtu wa Dar habari za Mafia, wengi wanakujibu hapo ni pa wazungu, ni ndege ndogo na loji za kulipa kwa dola, afu mtu huyohuyo kila sikukuu anaishia visiwa vya Bongoyo au Mbudya miaka nenda rudi. Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani kama ilivyo Mkuranga au Kibiti. Sensa ya 2022 ilikuta watu zaidi ya elfu sitini wanaishi huko, na hao wote wakija Dar kununua bidhaa au kutibiwa hawapandi ndege, kuna njia yao, na njia hiyo na wewe unaweza kuipita. Kitu cha kuelewa mapema ni kwamba Mafia anayelipa hela nyingi ni mwenye haraka. Ukiwa na siku tatu tu utakodi kila kitu peke yako na utaona pagumu, ukiwa na siku sita au saba ukafuata maji na ukapanda wanavyopanda wenyeji, hela inatosha na inabaki ya kununua samaki wa kurudi nao nyumbani.

Kwa asiyepajua, kuna kisiwa kikubwa ndo Mafia yenyewe, mji wake Kilindoni, uko upande wa magharibi unaotazama bara na mdomo wa Rufiji. Upande wa pili, kusini mashariki, kuna kijiji cha Utende na mbele yake ghuba ya Chole, na humo ndani ya ghuba ndo kuna visiwa vidogo: Chole, Juani, na kusini zaidi Jibondo. Eneo lote hilo ni Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ilianzishwa 1995 na ndo ya kwanza ya aina yake Tanzania, ukubwa wake kama kilomita za mraba 822, ndani kuna matumbawe, mikoko, nyasi za baharini na vijiji vya watu vilevile. Sio hifadhi ya kufukuza watu, watu wanaishi humo na wanavua humo kwa utaratibu, kwaiyo unapoenda unaenda kijijini kwa watu, hili nitalirudia mbele.

Msimu kwanza, maana hapa wengi wanaharibu safari kabla hawajaianza. Kuanzia Machi mpaka Mei ni masika, mvua, bahari haieleweki, na usidhani vimbunga ni vya Msumbiji tu, mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga Mafia hapohapo. Juni mpaka Agosti ni kusi, upepo unavuma kweli, jua zuri, hewa ya ubaridi kidogo, ila kuvuka ni mawimbi na tumbo litakusumbua. Kipindi ambacho mimi nakipenda na namwambia kila mtu ni Oktoba na Novemba, kusi imekufa, kaskazi haijashika vizuri, maji yanatulia, unaona chini mpaka vidole vyako, na papa potwe (samaki mkubwa sana, habari zake ziko mbele) wanaanza kuonekana karibu na Kilindoni. Desemba mpaka Februari ni kaskazi, joto kali, papa potwe bado wapo, ila sikukuu za mwisho wa mwaka wageni ni wengi na bei zinapanda. Wiki ya safari fungua taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, wakitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa ahirisha, hata kama likizo ulishaomba.

Sasa maji. Hapa naomba usome taratibu maana hapa ndo penye hela yako. Visiwa vile vinaishi kwa kujaa na kupwa, maji yakipwa boti nyingine zinakaa mchangani zimelala ubavu na nahodha kakaa chini ya mnazi anasubiri, hata umpe nini haendi. Kuna bamvua na kuna maji mafu. Bamvua inakuja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, hapo maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Maji mafu ni katikati, mwezi ukiwa nusu, yanajaa kidogo na kupwa kidogo. Na pwani yetu hii siku za bamvua maji yanajaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, yanakupwa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku. Siku za maji mafu inageuka, yanajaa saa nne, yanakupwa saa kumi. Kila siku inasogea mbele kama dakika hamsini hivi. Ukishika hayo tu una ratiba ya wiki nzima kichwani bila kumuuliza mtu wala kulipia programu ya simu.

Faida yake ni ipi? Ukitaka kwenda kwenye fungu la mchanga, yaani ule mchanga mweupe unaoibuka katikati ya bahari afu baadae unapotea, unataka bamvua, maana asubuhi saa nne maji yako chini kabisa na fungu lote liko nje. Ukitaka kwenda magofu ya Kua kule Juani unataka maji yaliyojaa, boti iweze kuingia karibu, kwaiyo siku za maji mafu ndo unaenda asubuhi kwa raha. Basi ukipanga siku zako zianzie mwishoni mwa bamvua ziishie kwenye maji mafu unapata vyote viwili kwenye safari moja. Ukifika siku ambayo maji hayaruhusu unachotaka, ama utalipia boti ya pili kesho yake ama utaondoka hujaona. Wazee wa kule tarehe za mwezi wanazo kichwani, muulize yeyote "leo mwezi ngapi?" atakujibu papo hapo.

Kuhusu bajeti, kama una siku sita na unalala gesti za kawaida, unakula kwa mama ntilie, na boti mnachangia, mimi namwambia mtu abebe laki tatu na nusu mpaka laki nne za matumizi, na pembeni laki moja nyingine ambayo haiguswi, hiyo ni ya siku bahari itakapokataa na ukalala siku mbili zaidi. Bei zenyewe zinabadilika, kwaiyo nauli na gesti uliza kwa simu wiki moja kabla, ila mgawanyo ndo huu: nauli ya kwenda na kurudi ni sehemu ndogo, chakula ni sehemu ndogo, kulala sehemu ya wastani, kinachokula hela ni boti za kuzungukia visiwani. Boti inakodishwa nzima, haijalishi mko wawili au nane, mafuta ni yaleyale. Ndo maana nasema nendeni wanne mpaka sita. Ukiwa peke yako usikate tamaa, fika Utende jioni, ongea na watu, kuna wageni wengine na wao wanatafuta wa kuchangia nao.

Tembea na cash. Benki na mawakala wa kutolea hela utawapata Kilindoni, ila ukishavuka kwenda Chole au Jibondo sahau habari za ATM, na wakala wa kijijini saa ingine hana floti, utamlaumu bure. Vunja noti mapema, elfu kumi kumi huko kwenye vitu vya mia tano inaleta usumbufu. Na kitambulisho cha taifa usikiache, getini kwenye hifadhi Mtanzania ana kiwango cha kwake na mgeni wa nje ana cha kwake, bila kitambulisho utaanza kubishana na mtu ambaye anafanya kazi yake tu.

Mzigo uwe mdogo. Begi moja la mgongoni, kanga au kikoi mbili (utajifunika, utajifutia, utatandika, utajistiri), tochi, pawabenki, dawa zako, krimu ya jua, kofia yenye kamba, raba nyepesi au viatu vya plastiki vya kuingilia majini maana kwenye miamba kuna wale viumbe wenye miiba mirefu mieusi na mwiba ukikuingia unakatikia humohumo mguuni. Maski na snokeli nunua ya kwako Dar ukiijaribu usoni kabisa, vuta pumzi kwa pua, ikijishika bila kuishikilia hiyo ni yako. Za kukodi zipo ila nyingi zinavuja, na ukikodi siku tatu hela yake unakaribia kununua. Kitu ambacho watu hawakifikirii ni ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, ile ya rangi ya lita nne iliyooshwa vizuri. Weka simu, hela, kitambulisho na shati kavu humo ndani, boti ikipigwa wimbi kila mtu analia wewe umetulia, na ukifika fungu la mchanga ndo kiti chako. Wavuvi wanatembea hivyo miaka yote. Ila mifuko ya rambo usibebe, imepigwa marufuku tangu Juni 2019 na huko baharini kasa wanaimeza.

Kama hujawahi kukaa baharini zaidi ya pantoni ya Kigamboni, nenda kwanza Mbudya wikiendi moja kabla. Boti fupi tu kutokea Kunduchi, lakini tumbo lako litakupa majibu. Ukiona kizunguzungu, basi kwa Mafia nunua vidonge vya kichefuchefu duka la dawa na umeze mapema kabla ya kupanda, sio ukishaanza kutapika, tangawizi nayo inasaidia.

Safari yenyewe inaanzia Mbagala Rangi Tatu. Pale unaulizia gari za Nyamisati, zinaondoka alfajiri na asubuhi, ukichelewa utapata za kuunga, unapanda za Kibiti unashukia Bungu, afu Bungu unatafuta usafiri wa kuingia Nyamisati. Barabara inafuata njia ya Kilwa, Vikindu, Mkuranga, mpaka Bungu ndo unakata kushoto kwenda pwani. Kabla hujatoka nyumbani piga simu ujue boti inaondoka saa ngapi siku hiyo, hili ni la lazima, maana boti za Nyamisati zinafuata maji na ratiba ya jana sio ya leo. Kuna siku inaondoka mchana, kuna siku usiku, kuna siku alfajiri na wewe umelala pale gatini na kanga yako. Usiposhangaa hilo utaona sehemu ya raha.

Na pale Nyamisati pazuri kukaa ukaangalia, kwa kweli. Ni kijiji cha delta ya Rufiji, mikoko kila upande, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Wanashusha makreti ya soda, mabati, magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kamba, trei za mayai zinapita mkono kwa mkono mpaka ndani na hakuna linalovunjika, mama mmoja kakalia gunia lake la vitunguu hataki lichanganywe na ya mwenzie, vijana wanaita majina ya wenye mizigo. Humohumo kwenye mikoko ya delta hii ndo Wajerumani walificha manowari yao Königsberg, Waingereza wakaichukua Mafia Januari 1915 wakaifanya kituo cha kuiwinda, ndege zikirukia kisiwani kuja kuitafuta, mpaka Julai mwaka huohuo ikazama humu. Ukipita mifereji ile kwa boti unaelewa kwa nini iliwachukua muda wote ule.

Kuna boti za abiria za watu binafsi na kuna kivuko cha serikali, MV Kilindoni, kiko chini ya TEMESA, yaani Wakala wa Ufundi na Umeme. Kivuko ni kikubwa, kimetulia, ila na chenyewe kina siku zake na mambo ya matengenezo, kwaiyo uliza. Boti yoyote utakayopanda angalia mambo matatu kabla ya kulipa: iwe na orodha ya abiria wanaandika majina, jaketi za kuokolea ziwepo na uonyeshwe ilipo ya kwako, na isijazwe mpaka watu wanakalia ukingo. Ukiona haijakaa sawa shuka, subiri nyingine, hata kama wenzako wanakucheka. Kuna watu watakuambia panda jahazi la mizigo ni bei chee. Usipande. Yale ni ya mizigo, hayana nafasi wala vifaa vya abiria, na kuokoa elfu chache hakulingani na roho yako. Ukishapanda kaa katikati au nyuma kidogo, mbali na moshi wa injini, tazama mbali nchi kavu au mstari wa bahari, simu weka kwenye ndoo. Kula kidogo kabla, kitu kikavu, chapati au mhogo, usinywe maziwa.

Kilindoni ukifika usikimbilie Utende hapohapo, lala usiku mmoja. Gesti ni za bei ya chini kuliko upande wa ghuba, soko liko karibu, jioni samaki wanashuka, pweza, changu, kolekole, na mama ntilie wa kule wali wa nazi wanaujua, hiki ni kisiwa cha minazi. Angalia chandarua kabla ya kulipa chumba, kikiwa na matundu omba kingine, mbu wapo. Hapohapo Kilindoni ndo pa kuanzia habari za papa potwe kwa sababu wanaonekana upande huu wa magharibi, sio ghubani. Na kama umeongozana na rafiki wa nje hili lina maana kwenye mfuko wake: siku za hifadhi zinalipiwa kwa siku, kwaiyo siku ya papa potwe ifanye ukiwa Kilindoni, afu siku za Chole na Juani zifululize mkiwa ndani ya hifadhi, sio kuingia na kutoka getini mara mbili.

Kilindoni mpaka Utende ni kama kilomita kumi na tano, kuna daladala, kuna bajaji na bodaboda. Daladala ndo rahisi ila inasubiri kujaa. Getini unashuka, unajiandikisha, unalipia, unapewa risiti. Itunze risiti, unaweza kuulizwa baharini.

Chole ndo kisiwa cha kwanza cha kwenda na ndo cha bei ndogo kuliko vyote, kwa sababu wanafunzi, mama wenye biashara na wagonjwa wanavuka kila siku. Pale ufukweni Utende kuna mashua za kuvushia watu, unakaa, ikijaa mnaondoka, unalipa nauli ya kawaida kama kila mtu. Akija kijana akakuambia "bosi nakupeleka Chole chap" huyo anakuuzia boti nzima, mshukuru kwa heshima, kasubiri na wenyeji. Dakika chache tu umefika. Chole hakuna magari kabisa, ni njia za mchanga chini ya miembe na mibuyu. Zamani huu ndo ulikuwa mji mkuu wa visiwa vyote, enzi za Waomani na mwanzo wa Wajerumani, mpaka 1913 Wajerumani wakahamia Kilindoni wapate maji ya kina kwa meli zao. Majumba yao yamebaki magofu na mizizi ya miti ya jamii ya mkuyu imeshuka ukutani imeukamata ukuta wote, kuna kuta ambazo ukiutoa mti zinaanguka. Chukua kijana wa kijiji akutembeze, mpe chochote mlichokubaliana, atakuonyesha na mti wa popo. Hao popo ni wakubwa, rangi ya kahawia nyekundu kifuani, wananing'inia mchana kweupe wakijipepea kwa mbawa, na jamii yao hii huwaoni bara, wako visiwani tu, Pemba kuna ndugu zao na Komoro kadhalika. Usirushe jiwe waruke upige picha. Kaa mpaka jioni, jua likizama wanaanza mmoja mmoja afu wote. Ila kumbuka ulizia mashua ya mwisho kurudi Utende, giza likishaingia ndo utakodi kwa bei ya giza.

Juani na fungu la mchanga na Jibondo, hapo sasa unahitaji kukodi, na hapa watu ndo wanapigwa sio kwa sababu nahodha ni mwizi, ni kwa sababu hawaulizi vizuri. Nenda jioni ya siku moja kabla, tafuta nahodha mwenyewe, sio dalali. Anza na salamu, usianze na bei. Maongezi yanaenda hivi:

"Shikamoo nahodha."
"Marahaba, karibu, hujambo?"
"Sijambo mzee wangu. Kesho tupo watano, tunataka kwenda Kua, tukitoka huko tuogelee kwenye matumbawe, turudi. Maji yanaruhusu?"
"Kesho maji yanajaa saa nne u nusu, tutoke saa tatu. Mkichelewa Kua hatuingii."
"Sawa. Sasa boti nzima ni shilingi ngapi, na mafuta yamo humo humo?"

Hilo swali la mwisho ndo la msingi. Boti nzima, sio kwa kichwa, na mafuta yamo au hayamo. Uliza na kama jaketi zipo za watu wote. Ukishapewa bei punguza kistaarabu, afu ukikubali umekubali, mpe sehemu ya mafuta jioni hiyohiyo, iliyobaki mkirudi. Mkienda na mashua ya tanga badala ya injini bei inashuka sana, ila hapo upepo ndo unaamua mtarudi saa ngapi, kwaiyo bebeni maji na mihogo ya kutosha. Mimi kama sina haraka nachagua tanga, bahari bila kelele ya injini ni kitu kingine kabisa.

Kua ni magofu ya mji wa Washirazi, misikiti, jumba kubwa la ghorofa lililobomoka, makaburi, yote yamemezwa na msitu. Mji ulivamiwa na Wasakalava kutoka Madagascar miaka ya 1820, watu wakauawa na kuchukuliwa utumwa, haukuinuka tena. Wenyeji wanasimulia pia habari ya zamani zaidi, ugomvi wa Kua na Kisimani, mji mwingine wa kale wa Mafia, harusi iliyogeuka kaburi chini ya sakafu. Usiisome kwenye simu, mwombe mzee wa Juani akusimulie pale pale, na umlipe muda wake. Msiokote vigae wala mawe. Upande wa nje wa Juani, unaotazama bahari kuu, ndo kasa wanapanda kutaga, na kati ya Juni na Septemba unaweza kubahatika kukuta viota vikianguliwa. Kuna walinzi wa viota wanaojua ni siku gani, ulizia Utende. Vitoto vinatoka mchangani vyenyewe na kwenda majini vyenyewe, usivibebe "kuvisaidia", usivimulike na taa ya simu, simama nyuma uangalie.

Jibondo wageni wengi wanaipita, na mimi naona ndo wanakosea. Ni kisiwa kikavu, mwamba wa matumbawe mtupu, shamba halikubali sana, kwaiyo watu wake ni wa bahari moja kwa moja, wavuvi na mafundi wa vyombo. Utakuta mashua inaundwa ufukweni bila mchoro wowote, fundi anapima kwa jicho, kijana anapachika pamba yenye mafuta kwenye mianya ya mbao kwa nyundo ndogo, tak tak tak, akimaliza mstari anapitisha kidole gumba kusikia kama kuna palipobaki. Ukitaka kupiga picha omba. Ukifika tu muulizie mwenyekiti wa kijiji, jitambulishe, sema umekuja kutembea, hata kama nahodha wako anatokea hapo. Bebeni maji yenu ya kunywa ya siku nzima, msiende kumaliza ya watu.

Papa potwe nimeiacha mwisho kwa sababu haina uhakika na ndo inavyotakiwa kuwa. Ni samaki, sio nyangumi, mkubwa kuliko samaki wote duniani, na chakula chake ni vidudu vidogo vya majini na dagaa, hana habari na wewe. Mnatoka Kilindoni asubuhi na mapema, nahodha anaangalia walipo ndege na wavuvi wa dagaa, mkimuona mnaingia majini taratibu pembeni, sio kumrukia mbele. Usimguse, kaa mbali naye mita tatu nne, kuwa mbali zaidi na mkia, usipige flashi, na boti zikishakuwa nyingi kwa samaki mmoja mwambie nahodha tuondoke tukatafute mwingine. Nahodha akikuahidi kwa asilimia mia kwamba utawaona, tafuta nahodha mwingine. Kama huogelei vizuri vaa jaketi, unaelea juu yake na unamuona vizuri tu, wale niliowaona kule wana madoa meupe mgongoni yamepangika kama kanga iliyotandikwa majini.

Kuhusu adabu: visiwa vyote hivi ni vya Waislamu na ni vijiji. Nguo ya kuogelea inaishia ufukweni, ukiingia kijijini funga kanga, kaka vaa shati. Shikamoo usiibanie. Mwezi wa Ramadhani usile hadharani mchana, na jua hoteli nyingi zimefungwa mpaka magharibi. Nazi iliyoanguka shambani ina mwenyewe, dafu linanunuliwa. Makombe na matumbawe usinunue hata ukiletewa na mtoto, ukinunua kesho anarudi kuvunja mengine. Samaki wa kurudi nao nunua Kilindoni siku ya mwisho, waliokaushwa au wa barafu na chombo chako mwenyewe.

Kurudi ni njia ileile, ila usikate tiketi ya kurudi Jumapili kama Jumatatu una kazi. Acha siku mbili za ziada, na zikibaki zote zitumie Kilindoni, panda bodaboda kwenda kaskazini mpaka Bweni na Ras Mkumbi kwenye mnara wa taa, ufukwe mrefu mweupe na huenda mkawa peke yenu. Siku ya kuvuka ulizia muda wa boti jana yake jioni, uliza tena asubuhi, ufike gatini mapema uandikishe jina. Mkitua Nyamisati usiku msianze kutafuta gari la kukodi, gari za Mbagala zinaondoka alfajiri kwa nauli ya kawaida na pale kuna chai na vitumbua vya moto tangu saa kumi.